Mkaja ni Wako, Dada

Muscat, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi huku mzima, alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotuandama. Natumai na nyinyi nyote hamjambo na pirika za harusi ya mwanetu hazijakulaza kitandani, maana nakujua ukishika jambo huli wala hulali.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema wenzetu wa upande wa mume wameshaleta mahari, kilemba cha ami yake na mkaja wa mama. Halafu ukaniuliza: "Mkaja wako nikutumie kwa simu au nikuwekee mpaka uje?" Suali hilo sikuweza kulijibu kwa ujumbe mfupi. Ndiyo maana leo nimefunga mlango, nimekaa na kalamu.

Mkaja huo ni wako, dada.

Tafadhali usinikatize, nisome mpaka mwisho. Watoto wa siku hizi wanadhani mkaja ni bahasha tu ya pesa inayopita katikati ya shughuli. Mimi na wewe tunajua ni kanga gani inayolipiwa. Ni ile anayofungwa mzazi tumboni akishakandwa. Na mimi nani alinifunga? Ilikuwa masika, mvua haikati, maji ya moto ukiyachemsha kwa kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu. Ukinilaza juu ya mkeka, ukinikanda, kisha ukinifunga kanga huku umenikaza kwa goti lako ubavuni, nami nikipiga kelele kuwa unaniua. Ukaniambia, "Vumilia, usije ukabaki na tumbo kama pipa." Siku 40 hukukosa hata moja, na wewe una watoto wako nyumbani wanakusubiri.

Hayo ni ya mwanzo tu. Mwaka 2012 nilipoondoka, mwanetu ana miaka 9. Pale uwanja wa ndege hakulia. Aliniuliza suali moja tu: "Mama, nani atanisuka?" Nikababaika, sina jibu. Wewe ukamshika bega ukasema, "Mimi." Neno moja. Tangu siku hiyo mpaka leo umemsuka wewe, umemuamsha kwenda skuli na chuo cha Kurani wewe, homa yake umeikesha wewe. Alipovunja ungo, mimi nilipewa habari kwenye simu, ukimya ukatuingia sote wawili kwenye laini, na nikajua kuwa yote ya kumwambia umeshamwambia.

Mimi nilileta pesa. Sizidharau pesa hizo, nimezitolea jasho, na ndizo zilizomfikisha chuo pale Tunguu. Lakini pesa haimkumbatii mtoto usiku. Nyumba ya mwanzo niliyofanyia kazi huku walinizuilia pasipoti, hata mama yetu akazikwa sipo. Siku ile pia ni wewe uliyemfuta mwanangu machozi, na yako hayana wa kuyafuta. Deni hili nimekaa nalo miaka yote, na sikupata mlango wa kulisemea. Sasa mlango umefunguka.

Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa, upokee wewe, kwa mkono wako, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Akitokea mtu akasema "lakini mama mzazi yupo", mimi mwenyewe nitamjibu, maana nitakuwa nimekaa pembeni yako. Ndiyo, nakuja! Ruhusa ya siku 14 nimepewa na tiketi nimekata.

Yapo machache nakuomba tuyatazame pamoja. La ukumbi, dada, naomba tusikope. Uwanja wa nyumba yetu unatosha, tuuombe na wa jirani. Mtu aje ale pilau, atie dua, aende zake. Mkopo wa ukumbi hulipwa na bibi harusi, hata kama jina lake halimo kwenye karatasi, kwa sababu mama zake wakikosa raha na yeye hukosa raha. Na mahari yake mkabidhi mwenyewe. Ni haki yake iliyotajwa katika Suratun Nisaa, si ya kununulia mchele wala ya kukodia viti.

La pili ni la ami yake, maana yeye ndiye walii, wa kumuozesha. Nimeshamuomba kwa simu na amenikubalia: akaulizwe mwanetu kabla ya nikaha, kwa utulivu, na aachwe ajibu kwa kinywa chake. Sitaki kimya chake kihesabiwe kuwa haya ya mwari tukapita nacho. Najua anampenda kijana huyo. Nataka tu alisikie neno lake mwenyewe, alikumbuke akishakuwa mtu mzima kama sisi. Na sharti la kumaliza mwaka wake wa mwisho wa chuo litajwe siku hiyo hiyo, watu wasikie.

Singo ya kumsugua mwili, hina na kungwi nakuachia wewe, sina la kukufundisha. Kisutu tu, ile kanga ya bibi harusi, ndicho ninachokiomba. Usinunue kipya. Katika sanduku la marehemu mama, chini kabisa, kuna doti la kisutu alilonivika mimi. Wekundu wake umefifia kidogo lakini weusi na weupe bado umekaa. Kitoe, ukianike kivulini, ukifukize udi.

Bibi wa nyumba hii ninayofanya kazi sasa alizaliwa Malindi ya kwetu Unguja, akaondoka 1964 yungali msichana. Nilipompa habari ya harusi hakuniuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Aliniuliza habari ya vishada vya maua ya kunukia, "Vikuba vitakuwa na kilua?" Nikamwambia vitakuwa nacho, pamoja na asmini na mrehani. Akanyamaza, kisha akasema kuwa vyake yeye, alipoolewa huku, havikuwa na kilua. Kesho yake akanituma soko la Matrah, akanilipia lubani ya Dhofar, ile nyeupe ya kukaribia kijani, kilo nzima. "Mfukizieni chumba chake," kasema. Naomba tumuwekee bibi huyu kikuba kimoja, nimletee hata kikiwa kimekauka.

Unajua huku tumewatangulia kwa saa moja. Kwenu ikiwa saa mbili usiku, huku ni saa tatu, vyombo nimemaliza, ndiyo saa yangu ya kukupigieni. Jumanne iliyopita ulipogeuza simu nilimuona mwanetu amekaa chini, kichwa kati ya magoti yako, unamsuka na huku unamgombeza asitikisike. Ana miaka 22 na bado anatikisika. Hamkujua kama laini imeshika. Nilitazama mpaka ikakatika yenyewe.

Uwanja wa ndege usije, kaa na mwanetu, njia ya nyumbani naijua. Ila nywele za harusi usizianze mpaka nifike. Utasuka wewe. Mimi nitakushikia kitana na chupa ya mafuta.

Ni mimi mdogo wako