Viluwiluwi hawasubiri Agosti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme jambo linalohusu shule za msingi za huku kwetu Dodoma.

Februari moja, miaka mitatu iliyopita, mtoto wa darasa la nne alinifuata na chupa ya maji ameishika kwa mikono miwili kama aliyetumwa maziwa. "Mwalimu, nimevua samaki!" Nikainua chupa juani. Viluwiluwi kama kumi, wawili watatu wameshaanza kutoa miguu ya nyuma. Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa amechora hatua za ukuaji wa chura bila kukosea mshale hata mmoja, nami nikampa alama zote. Leo kiluwiluwi yuko mkononi mwake na anamwita samaki.

Sikumcheka. Nilijiona mimi ndiye niliyefeli.

Nafundisha wilaya ya Bahi, huu mwaka wa 17. Katika azimio letu la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka mwezi kwa mwezi, mada hii ya ukuaji wa wanyama huangukia Agosti. Anayeijua Dodoma ya Agosti anajua ninachosema: asubuhi baridi ya kukunja vidole, mchana upepo na vumbi, makorongo makavu, na chura wamejifukia ardhini wanangoja mvua. Hapo ndipo mimi husimama mbele ya watoto 87 na kipande cha chaki, nikichora yai, mshale, kiluwiluwi, mshale. Wanakariri. Wafanyeje?

Wiki ileile ya chupa nikaanza. Mara ya kwanza niliharibu. Niliwaweka viluwiluwi kwenye chupa ya kioo dirishani ili kila mtoto aone. Jumatatu tukakuta maji ya moto na wote wamekufa. Mara ya pili nikatumia beseni pana chini ya mwarobaini, maji ya dimbwi lenyewe, na jiwe katikati lililotokeza juu, maana kiluwiluwi akishaanza kuwa chura anahitaji pa kupanda, la sivyo atazama. Chakula ni mchicha uliochemshwa, kidogo tu, usije ukaozesha maji.

Mkia ndio ulioleta vita. Karibu nusu ya darasa walishikilia kwamba mkia hukatika. Siku mbili walipekua chini ya beseni wakitafuta mikia iliyodondoka. Hawakuona hata mmoja, ila waliona mkia ukifupika kila asubuhi, na mmoja akagundua kwamba siku hizo mchicha hauguswi. Nikawaeleza kwamba siku hizo mnyama hali, mwili wake unautumia mkia wenyewe kama akiba. Kwa mchoro wa ubaoni swali hilo lisingezaliwa.

Swali lililonishinda lilikuja na kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishanyesha huwa tunawaokota, tunawakaanga, nani huku asiyewajua? Mtoto akauliza: kumbikumbi ni hatua ya ngapi? Nilimwomba anipe siku moja. Kesho yake nikamjibu kwamba huyo ni mchwa aliyekomaa, ametumwa na kichuguu chake kwenda kuanzisha kingine; mbawa akishazitupa atatafuta mwenzake na kuchimba. Na mchwa, kama panzi, hana kile kipindi cha kulala ndani ya gamba alicho nacho kipepeo. Mtoto wake hutoka kwenye yai akiwa na umbo linalofanana na la mkubwa. Nilikuwa nimeshafundisha miaka 14 na hilo sikuwahi kulifikiria.

Kuku sitamsema sana, kila mwalimu anaweza. Tetea aliyeatamia kwenye kikapu cha pembeni, siku 21. Usiku wa siku ya saba nilimulika yai kwa tochi ya simu nikapiga picha ile mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, watoto wakaiona kesho yake. Mayai mawili yalikuwa viza, nayo tukayasema.

Wapo waliolalamika. Mama mmoja alikuja akiwa amekasirika kwamba nafuga mbu shuleni. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwonyesha beseni limefunikwa chandarua kuukuu na kufungwa kwa mpira, na chupa ya pembeni yenye viluwiluwi wa mbu tuliowatoa kwenye pipa la mvua la kijijini. Siku chache baadaye watoto walimwita aje aone mbu wakihangaika chini ya chandarua. Naambiwa pipa la kwake sasa lina mfuniko.

Kilichonikwaza ni kingine. Mgeni aliyekuja kukagua maandalio ya masomo alinikuta Februari na beseni, wakati azimio linasema mwezi huo ni mimea. Akaandika kwamba sifuati utaratibu. Simlaumu sana, alikuwa na fomu na fomu haina sehemu ya kuandika "mvua imenyesha". Lakini huku mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mwenzangu wa Bukoba ana misimu miwili, Oktoba anaweza kukuta dimbwi nyuma ya shule. Vipi tarehe moja ituenee sote?

Ombi langu kwa wanaopanga si mtaala mpya wala vifaa. Waturuhusu kwa maandishi kubadilishana mada mbili: mimea iende mwezi mwingine, ukuaji wa wanyama uje Januari au Februari, na mtihani wa mwisho wa mwaka ubaki ulivyo. Na kwa vile nusu ya watoto wangu huchunga, mtihani huohuo ungeweza siku moja kumuuliza mtoto wa Bahi kuhusu mbuzi, ambaye mimba yake ya miezi mitano anaijua kuliko mimi.

Watoto wa darasa la tatu wa mwaka huu wameanza kuniuliza beseni liko wapi. Liko stoo, limefunikwa gunia.

Mwalimu wa darasa la tatu,
Bahi, Dodoma