Utumbo si bomba la kuzibuliwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata salamu za sikukuu. Makala yenu ya ukurasa wa afya mwanzoni mwa mwezi huu ndiyo imenishinda. Ile iliyosema utumbo mwembamba una "vipokezi vya uvimbe" ambavyo ni adui, eti kuna unga unavizima vyote na kuua bakteria wote kwa mpigo.

Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu. Vipokezi hivyo, yaani protini za seli zinazotambua vijidudu, ni walinzi, na mwili wenyewe unajua kuwatuliza. Kile kinachotambua protini ya mkia wa bakteria, kwa mfano, kwenye seli nyingi za ukuta wa utumbo kimeonekana upande unaotazama damu, si upande wa chakula. Bakteria akipita zake na ugali, kimya. Akitoboa ukuta, kengele inalia. Ikishalia, protini iitwayo A20 hukata mawasiliano ndani ya seli ili fujo isiendelee mwizi akiwa keshakimbia. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa hitilafu katika NOD2, jeni ya kipokezi kimojawapo, huongeza hatari ya ugonjwa wa Crohn, yaani kuvimba kwa utumbo kusikoisha, na hitilafu hizo hukifanya kipokezi hicho kishindwe kuwatambua bakteria vizuri. Umeona? Mlinzi aliyesinzia naye huleta uvimbe, halafu ninyi mnauza dawa ya usingizi.

Shemeji yangu aliikata makala hiyo kwa wembe, akaikunja mfukoni mwa shati, akaenda kununua huo unga kwa shilingi 25,000. Vijiko viwili asubuhi, viwili usiku. Siku ya pili alikuwa anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Usiku wa tatu tulimtandikia mkeka karibu na mlango wa choo, mke wangu anakoroga ORS, mimi nimeshika ndoo, na yeye midomo imekauka ananiambia, "Shemeji, huo ndio uvimbe unatoka." Kulipokucha tukamkimbiza zahanati. Dripu walimwekea, nawashukuru. Lakini wakamtoa damu, wakarudi na kikaratasi cha Widal, kipimo cha damu cha taifodi: 1:80, "una taifodi." Mtu amekunywa unga wa kuharisha, ameharisha, ana taifodi! Nimefanya kipimo hicho miaka mingi, najua kinasoma kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakithibitishi kitu. Nchi hii ukiumwa kichwa ni malaria, ukiumwa tumbo ni taifodi, ukiumwa vyote ni malaria na taifodi, na kila mmoja anatoka dirishani na mfuko wa antibiotiki. Hao bakteria wa utumbo waliosalimika na unga wenu wakamaliziwa huko.

Sitaki mwandishi wenu afukuzwe. Nataka zamu tatu za usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri, kwa mgonjwa yeyote atakayefuata ushauri wake wa safari ijayo. Ndoo tunayo. Aje na sabuni yake.

Fundi sanifu mstaafu,
Morogoro