Ukuta wetu umeishia darini

Mhariri,

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa kati ya afisa na mkimbizi katika ofisi moja hapa Kampala, ambayo sitaitaja kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Afisa huuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Mimi narudia kwa Kiswahili. Nje, hatua nne tu kutoka mlangoni, kuna benchi lenye watu wa Bukavu, Uvira na Goma, huko mashariki mwa Kongo. Nani kati yao hajui Kiswahili?

Juzijuzi nilimtafsiria mama mmoja yaliyomkuta njiani. Alipotoka, benchi zima lilikuwa kimya. Kijana mmoja akasimama, akampisha, akasema, "Pole, mama." Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini yule mama alinigeukia akanitazama kama mimi ndiye niliyeitangaza siri yake. Na kwa kweli ni mimi.

Tulipolalamika, wakubwa walinunua sponji zikabandikwa ukutani, za rangi ya kijivu, nzuri machoni. Mwangwi ulipungua chumbani, ila nje wanasikia vilevile. Sponji hutuliza sauti ndani, haiizuii kupita. Baadaye alikuja fundi wa gipsamu kurekebisha taa. Akapanda ngazi, akasukuma kipande kimoja cha dari, akacheka. Ukuta wetu umeishia darini! Juu yake ni wazi tupu hadi kwenye mabati, chumba hadi chumba, na sauti inapanda huko na kushukia upande wa pili. Chini ya mlango nako, kidole kinapenya.

Kwa hiyo faragha yetu ni mvua. Ikipiga mabati, nauliza lolote. Umeme ukikatika na jenereta likaanza kunguruma, pia napumua.

Makabati ya mafaili yana kufuli mbilimbili, kwa ajili ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Yale yale yaliyofungiwa humo nimeyasema kwa mdomo, benchi zima likisikia.

Ukuta upandishwe hadi kwenye mabati, mlango uwekewe mpira chini. Najua fedha hutafutwa. Basi wakati zinatafutwa, iwekwe redio pale nje, na benchi lihamishiwe uani chini ya mwembe. Ni kazi ya watu wawili, na mimi nitakuwa mmoja wao.

Mkalimani,
Kampala