Kwanza Betri, Halafu Blokicheni

Mhariri,

Kwa miaka nimesoma gazeti lenu nikanyamaza, lakini ile taarifa yenu ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali la rekodi zilizofungamana, kulinda data za majaribio ya dawa yanayofanyiwa wagonjwa majumbani imenishinda.

Ufundi wenyewe siukatai. Kila rekodi hutiwa alama inayotokana na ile iliyotangulia, na nakala ziko kwa wengi, kwa hivyo kampuni ya dawa haiwezi kugeuza kimyakimya matokeo isiyoyapenda. Sawa. Lakini hizo namba aliziingiza nani?

Shangazi yangu wa Kisauni alisajiliwa kwenye jaribio la dawa ya presha, akapewa mashine ya kujipimia na simu ya kuwatumia watafiti vipimo. Betri zikafa. Akapiga simu, akaambiwa, "Bi mkubwa, subiri, twaja." Alipokuja hatimaye yule kijana wa utafiti, nami nipo, mkono wa shangazi hakuugusa. Aliketi barazani, akafungua simu, akajaza siku zote zilizopita: 130 kwa 80, 132 kwa 82, 128 kwa 80, huku akinywa kahawa tuliyomkaribisha wenyewe! Nikamuuliza, akanijibu bila haya, "Mfumo haukubali nafasi tupu, mzee." Sasa uongo huo ukiingia kwenye blokicheni ndiyo utakuwa kweli? Utakuwa uongo usiofutika, wenye saa na tarehe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa shangazi haki ya kusahihishiwa data zenye makosa. Mafundi watasema rekodi mpya huongezwa baada ya ile ya zamani. Ataiongeza nani, kijana yule yule?

Na tukitaja siri za watu, hebu nendeni ofisi za Moi Avenue. Askari wa mlangoni anakudai namba ya kitambulisho na ya simu, unaandika kwenye daftari lililo wazi, anayekufuata anasoma yako yote. Jioni unaanza kupokea ujumbe wa mikopo usiyoiomba. Hilo hamjaliandikia hata mstari.

Watafiti hao, kabla ya kununua blokicheni, wamnunulie kila mgonjwa betri za mashine na nyingine za akiba. Fomu ya idhini nayo iwe ya Kiswahili, herufi kubwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani. Ikiwa betri ndizo zimewashinda kupata, wapite Mwembe Tayari, nitawaonyesha duka.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa