Anayetaka takwimu bima aanze na pembetatu, si na grafu

Mhariri,

Vijana wa hapa Tanga waliosoma hesabu au takwimu vyuoni huuliza wanunue programu gani ili waifanye kazi ya takwimu bima, yaani kukadiria kwa hesabu madai ambayo kampuni ya bima itakuja kulipa. Wasinunue. R, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni programu huria: hupakuliwa bure na huenda hata kwenye kompyuta mpakato kuukuu. Mitihani ya takwimu, CS1 na CS2, ya chama cha watakwimu bima cha Uingereza ina karatasi ya R tangu 2019. Python, lugha nyingine ya aina hiyo, nayo ni nzuri, ila mwanafunzi asizishike zote mbili kwa mkupuo.

Kinachowapotezea muda ni mahali pa kuanzia. Wengi huanza kwa kuchora grafu za rangi, na mwezi unakwisha hawajagusa dai hata moja. Anza na pembetatu ya madai, yaani jedwali la malipo ambalo kila mwaka wa ajali una safu yake, na miaka ya karibuni ina namba chache zaidi, tena uikokotoe kwanza kwa kalamu. Tuseme ni mwisho wa 2023, na kampuni inakatia bima bodaboda. Kwa ajali za 2021, malipo yalifika jumla ya shilingi milioni 40 mwisho wa mwaka wa kwanza, 60 wa pili, na 66 wa tatu. Kwa ajali za 2022 ni 50, kisha 75. Za 2023 ni 60, basi, maana mwaka wake wa pili haujafika.

Kizidishi, yaani malipo hukua mara ngapi kutoka mwaka mmoja hadi unaofuata, cha kwanza ni 60 na 75 kugawanya kwa 40 na 50, yaani 135 kwa 90: 1.5. Cha pili ni 66 kwa 60: 1.1. Kwa hiyo ajali za 2022 zitaishia milioni 82.5, na za 2023 zitaishia 60 mara 1.5 mara 1.1, yaani 99. Ukitoa kilichokwisha kulipwa, akiba inayohitajika kwa malipo yaliyobaki ni milioni 46.5. Asiyeweza kufika hapo kwa kalamu hatajua kompyuta ikimdanganya.

Sasa fungua R, weka kifurushi (programu ya nyongeza) cha ChainLadder, ukiite kwa library(ChainLadder), kisha uandike MackChainLadder(RAA), amri inayofanya hesabu ile ile ya vizidishi. RAA ni pembetatu ya mazoezi iliyomo humo humo, ya miaka 10. Akiba itatoka 52,135 na kosa la kukadiria, yaani kiasi ambacho akiba halisi inaweza kupishana na makadirio, karibu 26,900. Tazameni vizuri namba hiyo ya pili: kosa ni zaidi ya nusu ya akiba yenyewe! Hesabu ya kalamu haikuonyeshi hilo, na bosi anayetaka namba moja tu hapendi kulisikia.

Data halisi ndiyo hutoa jasho. Kiasi kilichoandikwa "1,250,000" husomwa kama maneno kwa sababu ya mkato. Uondoe kwa amri ya gsub kabla ya kugeuza maneno kuwa namba kwa as.numeric. Tarehe 03/04/2023 kwetu ni Aprili, lakini kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani huifanya Machi 4, na dai likahamia robo mwaka nyingine bila onyo lolote. Taja mpangilio mwenyewe: as.Date(x, format = "%d/%m/%Y"). Malipo ya kila mwaka peke yake yapitishwe kwanza kwenye incr2cum, amri inayoyajumlisha mwaka hadi mwaka, kwa kuwa MackChainLadder hutaka malimbikizo. Na ile nusu ya chini ya jedwali, ya miaka ambayo bado haijafika, ijazwe NA, kamwe si sifuri. Sifuri maana yake hakuna kilicholipwa. NA maana yake bado hatujui. Ukiweka sifuri, vizidishi vinaporomoka na akiba inakuwa kichekesho.

Wenye bando dogo wanaweza kupakua mahali penye mtandao na kugawana kwa flashi, lakini faili la ChainLadder pekee halitoshi: linategemea vifurushi vingine, na kimoja kikikosekana halifunguki. Tumia download.packages pamoja na orodha ya vifurushi tegemezi, na hakikisheni toleo la R ni moja kwenye kompyuta zote.

Wanaopewa mafaili ya madai na ofisi za bima kwa mazoezi wafute majina, namba za simu na namba za pikipiki kabla ya kugawana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimsamehe mtu kwa kuwa alikuwa anajifunza.

Wafundishaji wa takwimu,
Ngamiani, Tanga