Baiskeli Usiiuze Kwanza

Chimwaga, Dodoma
15 Juni 2025

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, ingawa upepo wa kipupwe unavuma juu ya vilima hivi tangu alfajiri; hofu ni kwako na kwa wanafunzi wako huko Morogoro. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza nawezaje kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta huku nikiendelea kutengeneza vifaa vyangu na kusafiri kwa baiskeli, kisha ukagusia, kama jambo dogo tu, kwamba unafikiria kuiuza baiskeli yako kabla masomo hayajaanza Oktoba. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha leo Jumapili nikuandikie kwa kirefu.

Muhula wa kwanza nilishindwa. Nilikuwa nimebandika ukutani ratiba iliyogawa siku kwa saa, na mezani nilikuwa na vifaa vitatu ambavyo havijakamilika, kila kimoja kikidai usiku wake. Pendekezo langu la utafiti lilirudi kutoka kwa msimamizi likiwa na maswali ya ukurasa mzima, nami nilijua kwamba yote yalikuwa ya haki.

Kilichonitoa hapo ni tangi la maji. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, kwa hiyo mama mwenye nyumba ana simtanki la lita 5,000 linalotegemewa na familia nne. Nilifunga chini ya mfuniko wake kihisi kinachotuma mlio usiosikika na sikio la binadamu, kikapima muda ambao mwangwi unachukua kurudi kutoka kwenye uso wa maji. Chipu ya ESP32, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa, ilipiga hesabu ya umbali na kunitumia idadi ya lita kwenye simu. Nilijivunia sana. Mchana mmoja wa Novemba, simu ikionyesha kwamba zimebaki lita mia na hamsini na ushee, mama alitoka uani, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, kisha chini kabisa, akatega sikio, akaniambia, "Mwanangu, humu hamna kitu." Tulifungua bomba. Lilitoa matone machache, likanyamaza.

Nilitumia siku mbili kutafuta kosa katika programu, na halikuwamo. Lilikuwa katika hewa. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20, na kasi hiyo huongezeka kwa karibu mita 0.6 kila nyuzi moja inapopanda. Tangi lile jeusi lilikuwa limesimama juani tangu asubuhi, na hewa ndani yake ilikuwa imefika nyuzi 40, ambapo sauti hufika karibu mita 355 kwa sekunde. Mwangwi ulirudi mapema, programu ikaamini kwamba maji yako karibu, na katika kina cha mita mbili kosa hilo likawa karibu sentimita saba. Tazama ubaya wake: kosa hukua kadiri tangi linavyokauka, yaani kifaa hudanganya zaidi pale ambapo familia zinahitaji ukweli zaidi. Niliongeza kihisi cha joto na mstari mmoja wa hesabu, kisha nikampelekea msimamizi vipimo vya wiki tatu. Hakusifu kifaa. Aliniuliza, "Na matangi mengine, yaliyo kivulini, yaliyo juu ya mnara, utayajuaje?" Swali hilo ndilo tasnifu yangu sasa: namna ya kusahihisha vipimo vya vihisi vya bei nafuu katika joto la nyanda hizi kavu.

Basi vile vifaa vingine viwili nilivifungia kwenye boksi na kumpa kijana wa mwaka wa kwanza. Iliniuma, lakini tangu siku hiyo, ninaposhika chuma cha kulehemu usiku, ninaandika tasnifu. Si wizi wa muda tena.

Hata hivyo, Rehema, usidhani kwamba kila unachokipenda kinaweza kuingizwa katika masomo kwa njia hiyo. Mimi nilijaribu. Mwezi Januari nilifunga kwenye usukani wa baiskeli kifaa cha kupima mitikisiko ya barabara pamoja na mahali ilipotokea, nikiwaza kwamba huenda kingezaa makala. Safari mbili nzima niliziendesha macho yakiwa kwenye kioo kile kidogo. Ya pili niliingia kwenye mchanga ambao ningeuona kutoka mita 50, nikaanguka, nikachubuka kiwiko chote. Na nilipoinuka, kabla ya kuangalia damu, niliangalia kama vipimo vimehifadhiwa. Jambo hilo lilinitisha kuliko kidonda. Nilikifungua kifaa jioni ileile, na tangu hapo baiskeli yangu haibebi chochote chenye betri isipokuwa taa, na simu iliyozimwa ndani ya mkoba.

Mwezi uliopita nilikwenda nayo hadi Kolo, kijiji kilicho mbele ya Kondoa. Barabara inapanda kaskazini na kupita Makutupora, kwenye visima vinavyonywesha mji huu. Huko vina vya maji chini ya ardhi vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na ni kumbukumbu hiyo ya miaka 55 iliyowawezesha wanasayansi kuonyesha kwamba hazina ile hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 hadi 1998. Nilifikiria watu waliokwenda kupima, mwaka baada ya mwaka, bila kujua nani atakuja kuzisoma namba zao. Nililala Kondoa, kilomita zipatazo 160 kutoka hapa, miguu ikitetemeka. Kesho yake nikapanda na kiongozi hadi kwenye miamba yenye michoro, ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu, wamesimama ukutani wakiwa na vichwa vilivyochorwa kwa mistari mingi. Nilikaa mbele yao saa nzima, sikuwa na la kupima, na sikutaka kuwa nalo.

Utaniuliza ratiba yangu ya sasa. Ni fupi: Jumatatu hadi Alhamisi ni madarasa na kuandika, Ijumaa na usiku wa Jumamosi ni meza ya vifaa, na Jumapili mbili kwa mwezi ni za baiskeli, hata wiki ya kuwasilisha kazi. Majuzi nilikosa semina moja kwa sababu ya uchovu wa safari, na nilimwomba radhi msimamizi kwa maandishi.

Kwa hiyo baiskeli usiiuze kwanza. Agosti, panda treni uje nayo ukiruhusiwa, au uje mikono mitupu nikuazimie ya jirani. Tutakwenda hadi bwawa la Hombolo na kurudi siku hiyohiyo. Njiani uniambie unataka kutafiti nini; mimi nitasikiliza, na simu zote mbili zitakuwa zimezimwa.

Nisalimie mama na wadogo zako.

Wako akupendaye,
Neema