Kebo ya Kilimanjaro: kituo cha juu kiwe wapi?

Kaka, salamu nyingi.

Barua yako nimeipata. Unasema waongozaji na wapagazi wanaoipinga kebo ya Kilimanjaro, yaani kabini za abiria zinazoning'inia kwenye waya, wanatetea matumbo yao tu, na kwamba bibi wa miaka 75 naye ana haki ya kuuona mlima kwa karibu. La bibi nakubali. Ila tangu mpango huu utangazwe mwaka 2019, watu wanabishana ijengwe au isijengwe, na swali zito linapita pembeni: kituo cha juu kitasimama mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na anayeshuka kwenye kabini ataruhusiwa kwenda wapi?

Njia iliyotajwa ni ya Machame, hadi kama mita 3,700. Lango liko karibu mita 1,800. Anayetembea hulala kwanza kambi ya Machame, karibu mita 3,000, ndipo kesho yake afike kambi ya Shira. Kwa kabini, siku hizo mbili zinafutika. Kwenye mita 3,700 kila pumzi ina kama theluthi mbili ya oksijeni ya pwani. Akikaa saa moja, akapiga picha na kushuka, wengi wataondoka salama, pengine wakihema tu. Hatari ni kwa yule atakayesema, "Nimeshafika hapa, acha niendelee." Dalili za ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baadaye, yaani akiwa hemani usiku. Ndiyo maana juu ya mita 3,000 tunashauriwa tusipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa hiyo tiketi iwe ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na njia ya kuendelea juu ifungwe kwa abiria wa kabini. Bila sharti hilo, mimi sikubali.

Utasema kituo kishushwe hadi mita 2,900. Hapo ni ukingo wa msitu, na mawingu hufunika siku nyingi. Mgeni atalipa kutazama ukungu. Mwekezaji analijua hilo.

Msitu wenyewe hauepukiki, popote kituo kiwepo. Kila nguzo inataka msingi wa zege, na zege hufika kwa helikopta au kwa barabara ya muda. Hiyo barabara ndiyo naiogopa kuliko nguzo: mvua ya masika upande wa kusini huichimba ikawa korongo, na udongo unaishia kwenye mifereji inayonywesha vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa.

Kuna upepo pia. Kebo ya Table Mountain, Cape Town, ipo tangu 1929 na kituo chake cha juu hakifiki hata mita 1,100, lakini upepo ukizidi huisimamisha. Wakikwama watu huku kwetu, wakiwa na viatu vya mjini, nani atawashusha kwa miguu gizani?

Kuhusu matumbo: wageni wawili wa Machame huenda na mwongozaji, msaidizi, mpishi na wapagazi sita hadi wanane, kila mpagazi akibeba mzigo usiozidi kilo 20. Kabini nzima itatosheka na mwongozaji mmoja. Na kwa kuwa ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, mgeni wa siku sita akigeuka wa siku moja, hata TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, itapunjika. Waulize wanaokupa hesabu kama wameitoa hasara hiyo kwenye mapato.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Ndugu yako wa Moshi